Angojaye Hadithi, Je, Ni Mdai?

Katika maneno yote ambayo wachapaji wa Kiswahili wamezoea kuyatia chini ya ukurasa, hatujui neno lenye nguvu kama hili moja: "Itaendelea." Halina mapambo, wala halimwambii mtu jambo lo lote jipya. Walakini laweza kumfanya mtu mzima, mwenye mke na watoto, aliyekuwa akipalilia tangu alfajiri, aoshe miguu na kwenda mwendo wa saa mbili mpaka kituo cha basi, ili aulize tu kama gazeti limefika. Mwezi huu twataka kulitazama neno hilo pamoja na wasomaji wetu, kwa kuwa ndani yake limo swali la haki ambalo watu hulijibu kwa hasira kabla ya kulifikiri. Swali lenyewe ndilo hili: mtu aliyeanza kusimulia hadithi, na watu wakaipenda, je, ana deni kwao la kuimaliza? Na wale wanaongoja, je, ni wadai, au ni wageni tu waliokaribishwa barazani?

Huku kwetu Mbulu na Hanang wanaongoja hadithi ni wengi kuliko wanavyodhani wazee. Wako vijana wa sekondari ambao husoma hadithi kwa simu, fungu baada ya fungu, habari za majini na falme zilizo chini ya ziwa na mtoto aliyezaliwa na alama kiganjani; na fungu likikatika mahali pa hofu, hutuma shilingi ili wapewe lile lijalo. Kabla yao walikuwako baba na mama zao, waliokaa karibu na redio kuanzia mwaka 1993 kuusikiliza mchezo wa "Twende na Wakati" wa Radio Tanzania, na siku ya pili kisimani habari ya kwanza haikuwa mvua, ilikuwa mchezo. Basi jambo hili si geni kwetu, wala si la watoto peke yao.

Lakini ng'ambo ya bahari limekuwa kubwa hata kuwa ugomvi. Yuko mwandishi wa Marekani aitwaye George R. R. Martin, aliyezaliwa mwaka 1948. Aliamua kusimulia habari za nchi ya kubuni, yenye majoka yarukayo na baridi idumuyo miaka, na jamaa za wafalme wauanao kwa ajili ya kiti kimoja. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1996, cha pili 1998, cha tatu 2000, cha nne 2005, cha tano 2011. Cha sita alikitaja jina, na sura kadhaa akawaonjesha wasomaji, lakini hata mwisho wa mwaka 2025 kilikuwa hakijatoka. Mtoto aliyezaliwa mwaka kilipotoka kitabu cha tano amekwisha maliza darasa la saba. Wasomaji wake ni mamilioni, katika nchi nyingi na lugha nyingi. Wako waliomngoja kwa upole, wakakirudia kile cha kwanza na kubashiri yatakayokuja. Na wako waliomtukana, wakahesabu umri wake na afya yake, wakasema wazi kwamba waogopa atakufa kabla hajamaliza. Kila alipoonekana anafanya kazi nyingine, au anatazama mchezo wa mpira, walimwuliza kwa nini hayuko mezani kwake. Mwaka 2009 msomaji mmoja alimwuliza mwandishi mwingine kama si haki kumlalamikia mtu wa namna hiyo, naye akajibiwa kwa ukali kwamba yule mwandishi si mtumwa wake.

Hapo ndipo watu walipogawanyika, na hata leo hawajapatana. Nasi twauliza, ni nani mwenye haki?

Kabla ya kuendelea, liko jambo moja la kuliondoa njiani. Wako wazee wa kanisa wasemao kwamba Mkristo hana sababu ya kungoja mambo ya kubuni, kwa kuwa anako kungoja kukubwa zaidi, na mafuta ya taa yake yasiteketezwe kwa hadithi za majoka. Twawaheshimu, walakini hatukubaliani nao. Msimulizi wa pwani huanza kwa kuwaambia watu waziwazi kwamba uongo unakuja, nao huitikia kwa furaha. Na uongo uliokwisha kujitangaza mlangoni haumdanganyi mtu. Tena wawili kati ya mabwana wakubwa wa kazi hii ya nchi za kubuni katika karne iliyopita walikuwa Wakristo wa kuamini hasa: J. R. R. Tolkien, Mkatoliki, na rafiki yake C. S. Lewis, wa kanisa la Uingereza, ambaye vitabu vyake saba vya watoto juu ya nchi ya Narnia vilitoka kimoja kila mwaka, tangu 1950 hata 1956, mambo ambayo wangojeao wengi wangeyaonea wivu. Mtu akiacha kusali ili asome, huyo amekosa, lakini angekosa vile vile kwa kuacha kusali ili alime. Hili twalipita upesi kwa makusudi.

Tolkien mwenyewe ni mfano wa kutazamwa. Kitabu chake cha kwanza cha namna hiyo kilitoka mwaka 1937, kikapendwa, mchapaji akaomba kingine, naye akaanza kukiandika mwezi wa Desemba wa mwaka huo huo. Kikatoka lini? Mafungu mawili mwaka 1954, na la tatu mwaka 1955. Katikati palikuwa na vita kuu, na kazi ya kufundisha Chuo Kikuu cha Oxford, na tabia yake ya kuandika upya kila alichokwisha kukiandika. Fungu la pili, lililotoka mwezi wa Novemba, lilikatika mahali ambapo bwana ametekwa na adui, naye mtumishi wake mwaminifu ameachwa nje ya lango lililofungwa. Waliolisoma wakakaa hivyo, lango limefungwa, mpaka Oktoba ya mwaka uliofuata.

Nasi wa Kiswahili tuna kungoja kwetu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwezi wa Januari 1923, lilikuwa likichapa hadithi kwa mafungu, mwezi kwa mwezi, na nakala moja ilipita mikono mingi kabla ya kuchakaa. Baadaye Muhammed Said Abdulla wa Unguja akamtoa Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, katika kitabu cha Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960. Waliompenda Bwana Msa walingoja miaka minane kabla ya kumwona tena katika Kisima cha Giningi, mwaka 1968. Kisha vikaja vinne mfululizo, 1973, 1974, 1975 na 1976. Kisha kimya tena mpaka 1984. Hatujasikia kwamba mtu ye yote alimtukana Bwana Abdulla kwa ile miaka minane. Labda ni kwa sababu watu wa zamani walikuwa na adabu zaidi. Walakini sisi twashuku kwamba sababu ni nyingine. Kila kitabu chake kilimaliza habari yake chenyewe. Msomaji alibaki na hamu ya kumwona tena Bwana Msa, kama mtu abakivyo na hamu ya rafiki aliyesafiri. Hakubaki na mtu ananing'inia juu ya shimo.

Ni lazima kutofautisha mambo hayo mawili. Hamu ya kupata zaidi si sawa na haja ya kupata mwisho. Aliyekula chakula akashiba, akatamani kualikwa tena, hana la kudai. Lakini aliyeitwa mezani, akanawa mikono, akaletewa mchuzi akaambiwa ugali waja, naye akakaa mpaka usiku, huyo ana neno la kusema, hata kama mchuzi ulikuwa mtamu.

Basi na tupime. Wako wasemao kwamba msomaji alinunua kitabu kimoja kwa bei ya kitabu kimoja, akapewa kitabu kimoja, na biashara imekwisha. Mtu aliyenunua jembe mnadani Katesh hana haki ya kurudi mwezi wa pili na kumdai muuzaji jembe jingine. Hoja hii ina nguvu, nasi twaikubali mpaka mahali fulani. Walakini wengine hujibu: kitabu kilichokatika katikati ya habari si jembe, ni nyumba. Mtu wa Dongobesh akimpa fundi fedha, naye fundi akasimamisha kuta akaenda zake, hakuna mzee wa kitongoji atakayesema kwamba kuta ni kuta na biashara imekwisha. Hata kama hapana hati, watu wote wajua kwamba kuta huahidi paa. Na ahadi ni deni, ndivyo tulivyofundishwa tangu utoto.

Sisi twaona kwamba hawa wa pili wamesema kweli juu ya ahadi, lakini wamekosa juu ya kitu kilichoahidiwa. Paa ni kitu ambacho fundi ye yote hodari aweza kukitia. Akikataa wa kwanza, utamwita wa pili, na mvua haitajua tofauti. Je, mwisho wa hadithi ni kitu cha namna hiyo? Tazameni lililotukia. Hadithi ya Bwana Martin ilifanywa mchezo wa televisheni ulioanza mwaka 2011, na watengenezaji wa mchezo, walipoona vitabu havitoki, walimpita mwandishi njiani wakaimaliza wenyewe, mwaka 2019. Paa likatiwa. Na wengi wa wale waliokuwa wakiulilia mwisho, walipoupata, waliulilia mara ya pili kwa kuwa haukuwaridhisha. Lakini hili ndilo la kushangaza: hawakuacha kungoja kitabu. Kama walitaka tu kujua nani alikikalia kiti, habari walikwisha kuipata. Kumbe hawakuwa wakingoja habari. Walikuwa wakingoja mkono ule ule uliowashika mwanzoni uwafikishe mwisho, kwa mwendo wake, na kwa kweli yake.

Kama ndicho wanachokingoja, basi ni kitu kisichoweza kudaiwa kwa nguvu, kwa kuwa kikitolewa kwa nguvu si kile tena. Wakulima wa vitunguu saumu wa Bashay walijua jambo hili kabla yetu. Mfanyabiashara huja na fedha mkononi wakati shamba lingali bichi, naye husema, ng'oa sasa, nalipa sasa. Mwenye shida hung'oa. Kitunguu kile kikifungwa guniani huoza, na mnunuzi yule yule aliyeharakisha ndiye wa kwanza kulalamika. Mwandishi aliyetukanwa mpaka akamaliza aweza kuwapa watu kurasa 1,000 na asiwape walichokuwa wakikingoja.

Je, ndiyo kusema kwamba mwandishi hana deni kabisa? Hasha. Deni analo, nalo si dogo. Ila si deni la kitabu, ni deni la ukweli. Aandikaye "Itaendelea" amesema neno juu ya moyo wake mwenyewe, kwamba anakusudia kuendelea. Ikiwa amekusudia kweli, akajaribu, akashindwa, au akaugua, au njia ikampotea katikati ya msitu wa mambo aliyoyabuni, amepatwa na hasara, hakuwadhulumu watu. Ikiwa ameacha, na awaambie ameacha, ingawa watamzomea. Lakini ikiwa analiandika neno lile kama chambo tu, hali anajua kwamba hana la kuendeleza, huyo ni mwongo hata akiandika vizuri namna gani, na uongo wake si ule uliotangazwa mlangoni.

Na hapa twataka kusema wazi juu ya wale wauzao hadithi kwa mafungu kwa njia ya simu. Wengi wao ni watu wa kweli, wanaofanya kazi ya usiku kwa malipo madogo, na huandika Kiswahili kizuri. Lakini twajua kijana wa upande wa Hanang aliyetuma shilingi 1,000 kwa ajili ya fungu la 21, na mwingine, na mwingine, na yule msimulizi akanyamaza, namba yake isipatikane tena. Hapo hapana swali la kufikiri. Ni wizi, na uchache wa fedha haulibadili jina lake. Kijana yule alipoulizwa kama alisikitikia fedha, alisema la. Alisikitikia kwamba hatajua kama yule msichana wa ziwani alitoka.

Yuko mwandishi mwingine wa Marekani ambaye habari zake zatuonyesha mdaiwa mwema ni mtu wa namna gani. Jina lake James Rigney, aliyeandika kwa jina la Robert Jordan. Alianza hadithi yake ndefu mwaka 1990, na kufika mwaka 2005 alikuwa ametoa vitabu 11, na mwisho haujaonekana. Kisha akapata ugonjwa wa damu usio na dawa ya kuaminika. Angeweza kusema, nimewapa vya kutosha, niacheni nife. Badala yake, katika siku alizokuwa nazo, aliwasimulia jamaa zake jinsi mambo yatakavyokwisha, yakaandikwa na kutunzwa pamoja na karatasi zake. Alikufa mwezi wa Septemba 2007. Mkewe, Harriet McDougal, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wake tangu mwanzo, akamtafuta mtu wa kuikamilisha kazi, akamchagua Brandon Sanderson. Na vitabu vitatu vya mwisho vikatoka 2009, 2010 na 2013. Lililotupendeza zaidi katika habari hii ni kwamba huyo Sanderson alikuwa mmoja wa wanaongoja. Aliisoma hadithi ile tangu ujana wake, akikaa kama wengine bila kujua itakwishaje, na siku moja akaitwa kutoka barazani aingie jikoni. Wala hakudai kwamba mwisho ule ni wake.

Watu husema sana juu ya mwandishi kwamba atakufa. Mara chache husema kwamba msomaji naye hufa. Tulimjua mwalimu wa dini mmoja, mzee, katika kijiji kimoja cha Mbulu, ambaye alikuwa na vitabu vya mwanzo vya Alfu Lela Ulela vya Kiswahili, vile vidogo vya zamani, majalada yamelika na mchwa. Kila mtu aliyekwenda Arusha alimwomba amtafutie vile vilivyofuata. Watu walimletea kalenda, na dawa za kikohozi, na mara moja walimletea kitabu cha kufuga nyuki. Akaugua, akafa, bila kuviona. Sasa, ni nani aliyemkosea mzee huyu? Si mtafsiri, aliyekwisha kuifanya kazi yake kabla mzee hajabatizwa. Si mchapaji. Si wale waliokwenda Arusha wakatafuta wasione. Hakuna aliyemkosea, na hata hivyo alipungukiwa kitu, na kupungukiwa kwake kulikuwa kwa kweli. Twaona kwamba hapa ndipo wakasirikao wanapopotea. Wanahisi hasara, nayo ni hasara hasa, kisha wanatafuta dhalimu, maana hasara isiyokuwa na dhalimu ni ngumu kuibeba. Wakulima wangepaswa kulijua hili. Mvua ikikosa, tunapoteza mahindi, wala hatumshitaki mtu. Na wale wamtafutao mtu wa kumshitaki kwa ajili ya mvua tumekwisha kuona wanafika wapi.

Tena yule mzee, kwa kitabu alichokuwa nacho, alikuwa amekaa karibu na mwalimu mkubwa wa jambo hili kuliko wote. Wasomaji wengi wanaijua habari ya mfalme aliyewaoa wanawake na kuwaua asubuhi, mpaka Shahrazadi akaingia kwake na hadithi, akaikatiza alfajiri mahali patamu. Watu huusifu werevu wa Shahrazadi, nao wastahili sifa. Lakini mtazameni mfalme. Yeye ndiye msomaji wa kwanza wa "Itaendelea", naye alikuwa na upanga. Kwa sheria yake mwenyewe alikuwa mdai, na shingo ya msimulizi ilikuwa rehani. Angeweza kumwamuru aseme yote usiku mmoja, hakufanya hivyo. Angeweza kumwua, lakini angekuwa ameiua na hadithi. Kwa hiyo akangoja siku moja, kisha nyingine, na katika kungoja kwake mtu yule aliyekuwa amezoea kuchukua akajifunza kupokea. Hadithi yenyewe yasema kwamba mwishowe hasira yake ilikwisha. Wale wamtukanao mwandishi kwa kukawia wameuokota upanga ambao mfalme aliuweka chini.

Hatusemi kwamba kila kungoja humfaa mtu. Tumeona msichana mwenye akili aliyelala darasani juma zima kwa sababu ya fungu la hadithi la saa sita za usiku, na jambo hilo halina la kusifiwa. Wala hatusemi kwamba mtu asiwe na haja ya kujua mwisho. Asiye na haja hiyo hakuipenda hadithi. Twasema juu ya namna ya kuomba. Zamani, kando ya moto, mtoto alimwambia bibi yake, "Bibi, malizia," na bibi akasema amechoka, kesho. Mtoto akaleta kuni, akamkandakanda miguu, akaomba tena. Hakumtukana, kwa kuwa alikuwa akimwona: aliona macho yanafumba, alijua kwamba bibi alitwanga mahindi mchana kutwa. Na bibi naye alimwona mtoto, akajua kama hamu yake ni ya kweli au ni hila ya kukwepa kulala. Uchapaji umetupa hadithi nyingi, ila umeuzima ule moto katikati yetu. Mwandishi hawaoni wanaongoja, nao hawamwoni yeye akichoka. Hilo twaliona kuwa ndilo chimbuko la matusi mengi, kuliko ubaya wa mioyo.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo gumu. Ziko hadithi zilizoachwa bila mwisho na Msimulizi ambaye hatuwezi kusema alichoka. Bwana wetu aliposimulia habari za yule mtu aliyekuwa na wana wawili, alituambia habari za mdogo mpaka mwisho, pete na viatu na ndama. Lakini yule mkubwa tuliachwa naye nje ya nyumba, amekasirika, na baba yake anamsihi, na ngoma yasikika ndani. Je, aliingia? Hatukuambiwa. Nabii Yona naye tuliachwa naye nje ya mji, ameulizwa swali, na jibu lake halikuandikwa. Imepita miaka karibu 2,000 tangu Mafarisayo waliposikia habari za yule kaka, na hakuna aliyewahi kudai fungu lijalo. Nadhani kila msikilizaji alielewa kwamba mwisho ule alikuwa ameshikishwa yeye mkononi, awe na la kufanya nao atakaporudi nyumbani kwa ndugu yake.

Hatudhani waandishi wa majoka wana ruhusa ya kujificha nyuma ya mfano huo. Anayekusudia swali na anayeshindwa na jibu ni watu wawili. Lakini msomaji, akiwa amekwisha kuachwa nje ya lango, kwa kosa la mtu au bila kosa la mtu, bado anayo kazi ya kufanya akiwa hapo nje.

Katika shule moja ya kwetu kuna nakala ya Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1952, iliyopita mikono mingi hata kurasa za mwisho zikapotea. Watoto huisoma mpaka pale ambapo ndugu wawili, walioingiwa na husuda wakamtupa Adili baharini, wamekwisha kugeuzwa manyani na jini, na Adili ameamriwa awapige kila usiku, naye huwapiga akilia. Kisha karatasi hakuna. Kwa miaka kadhaa kila darasa liliutengeneza mwisho wake. Wengine walitaka manyani wabaki manyani, kwa kuwa aliyemtupa ndugu yake baharini hana neno tena la kusema. Wengine walitaka Adili akatae amri ya jini, hata akigeuzwa nyani yeye pia. Mvulana mmoja, ambaye shamba la baba yake lilikuwa na kesi na ndugu wa tumbo moja, hakutaka kubashiri lo lote. Alisema atangoja kitabu.

Mwaka jana nakala nzima ilipatikana. Darasa likakaa kimya, na mvulana yule akapewa asome kurasa za mwisho kwa sauti, mpaka manyani wakarudi kuwa watu. Aliposhuka, mwenzake alimwuliza kama alikuwa ameujua mwisho huo tangu zamani. Akasema hakuujua. Kisha akaomba kitabu akalale nacho siku moja, ampelekee baba yake.